Serikali Inapojengesha Kivuko

Hebu tusafiri kwa mawazo mpaka Dar es Salaam. Ni saa kumi na mbili asubuhi. Upande wa Kigamboni watu wamejaa kwenye banda la kusubiri. Mama mmoja ana tenga la mboga. Anataka kufika Kariakoo mapema, kabla wanunuzi hawajaondoka. Kijana mmoja ana baiskeli yenye mzigo wa mihogo. Mwalimu anakwenda shuleni, na mgonjwa anapelekwa hospitali. Wote wanasubiri pantoni.

Pantoni ni jina ambalo watu wa Dar es Salaam wamekizoea kivuko. Kivuko kinavusha watu na magari kati ya Kigamboni na Magogoni, karibu na soko la samaki la Feri. Kutoka hapo mtu hupanda gari hadi Kariakoo, Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Msimbazi, akafanye biashara yake.

Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere, linalounganisha Kurasini na Kigamboni. Daraja hilo limesaidia sana. Lakini mtu anayekwenda kwa miguu, anayetaka kufika katikati ya mji, bado anakihitaji kivuko. Kivuko kikikosekana, mboga zinanyauka, mshahara unakatwa kwa kuchelewa, na mgonjwa anateseka.

Je, kivuko kinatoka wapi? Nani anakijenga? Nani anahakikisha kwamba kimejengwa vizuri? Hayo ndiyo tutakayojifunza hapa.

1. SERIKALI NA MKANDARASI

Vivuko vingi vya Tanzania Bara ni mali ya umma. Vinasimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, ambao watu huuita TEMESA. Wakala huu una mainjinia na mafundi wake. Lakini kujenga chombo kipya ni kazi kubwa. Inahitaji uwanja maalumu kando ya maji, mashine za kukata na kukunja chuma, na mafundi wengi wa kuchomelea. Kwa hiyo serikali humtafuta mkandarasi.

Mkandarasi ni mtu au kampuni inayofanya kazi kwa makubaliano ya kulipwa. Mfano upo hapo hapo Dar es Salaam. MV Kigamboni hubeba watu 800 na magari 22. Mwaka 2016 kikaongezwa kivuko kingine, MV Kazi, nacho ni cha watu 800 na magari 22. Kivuko hiki kilijengwa na kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine. Hakikuja kwa meli kutoka nchi za mbali. Wananchi wenyewe walikiona kikiinuka, chuma juu ya chuma, upande wa Kigamboni.

Hili ni jambo la kujivunia. Fedha ya kazi inabaki nchini, na vijana wetu wanapata ufundi. Kivuko kikiharibika, aliyekijenga yupo karibu. Lakini mkandarasi, awe wa hapa au wa nje, lazima asimamiwe.

Hachaguliwi kwa sababu ana jamaa ofisini. Serikali hutangaza zabuni. Maana yake ni kwamba inaeleza kazi inayotaka, na kila kampuni inayoweza hupeleka bei yake na ushahidi wa uwezo wake. Kisha wataalamu huzipima kampuni hizo. Bei ya chini pekee haitoshi. Wanauliza: je, kampuni hii ina vifaa? Imewahi kujenga chombo kama hiki? Utaratibu huo umewekwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma. Sheria inayotumika sasa ilitungwa mwaka 2023.

2. MKATABA NI KIPIMO

Tuchukue mfano mdogo. Umekwenda Kariakoo kununua kitambaa. Umempelekea fundi cherehani akushonee suruali. Ukimwambia tu, "Nishonee suruali nzuri," kesho mtagombana. Yeye atasema ni nzuri, wewe utasema inabana. Lakini kama alikupima kwa futi na akaandika vipimo, hakuna ugomvi. Mtachukua futi, mtapima, na ukweli utaonekana.

Mkataba wa kujenga kivuko ni kama vile vipimo vya fundi cherehani. Ndani yake huandikwa mambo haya:

Kwanza, chombo chenyewe. Urefu wake, upana wake, kitabeba watu wangapi, magari mangapi na mzigo wa tani ngapi.

Pili, vifaa. Unene wa mabamba ya chuma, nguvu za injini, idadi ya majaketi ya kuokolea maisha.

Tatu, muda. Kazi ianze lini na iishe lini.

Nne, bei, na namna ya kulipa.

Tano, adhabu. Mkandarasi akichelewa bila sababu ya haki, atakatwa kiasi gani kwa kila siku au wiki.

Sita, muda wa uangalizi. Baada ya kukabidhi chombo, mkandarasi atatengeneza kasoro zitakazoonekana kwa muda gani bila kudai malipo zaidi.

Neno ambalo halikuandikwa katika mkataba ni vigumu kulidai baadaye. Ndiyo maana tunasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

3. MSIMAMIZI HALALI

Chuma kikishapakwa rangi, chote kinang'aa. Huwezi kuona kama kiungo cha ndani kimechomelewa vizuri au vibaya. Huwezi kujua kama bamba lina unene uliokubaliwa. Maji ndiyo yatakayolijua, na maji hayana huruma.

Kwa sababu hiyo serikali haingoji mpaka kazi iishe ndipo ikatazame. Huweka msimamizi wa mradi. Mara nyingi pia huajiri mshauri, yaani mtaalamu wa meli ambaye si wa mkandarasi. Kazi yao ni kuwa machoni kila siku.

Msimamizi mzuri hufanya hivi. Anapima mabamba yanapoingia kiwandani, kabla hayajakatwa. Anakagua viungo vya kuchomelea kabla havijapakwa rangi. Anaandika katika kitabu mambo yote aliyoyaona, na tarehe. Akiona kasoro, anaandika barua, hasemi kwa mdomo tu. Anataka kasoro irekebishwe kabla ya hatua inayofuata kuanza.

Msimamizi hapokei zawadi ya mkandarasi. Akila nyama ya mkandarasi leo, kesho ataona haya kumwambia, "Bamua kiungo hiki, uchomelee upya." Hata hivyo msimamizi si adui wa mkandarasi. Akiulizwa swali juu ya michoro, hujibu upesi. Jibu likikaa ofisini wiki tatu, mafundi nao watakaa wiki tatu bila kazi, na gharama itapanda.

Kuna jicho la tatu pia. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, hukagua usalama wa vyombo vya majini. Chombo kisichokuwa na cheti cha usalama hakiruhusiwi kubeba abiria. Mjenzi, mwenye mali na mkaguzi ni watu watatu mbalimbali. Ikiwa mtu mmoja anajenga, anajikagua na kujipa cheti, hapo pana hatari.

4. MALIPO KWA HATUA

Mtu akimlipa fundi fedha zote siku ya kwanza, fundi hupunguza haraka ya kazi. Mtu asipomlipa fundi hata kidogo, fundi hana fedha ya kununua vifaa. Njia ya katikati ni kulipa kwa hatua.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme boti la kijiji linajengwa kwa shilingi milioni 100. Mkataba unaweza kusema hivi:

Mwanzo wa kazi, kwa ajili ya kununua chuma: milioni 20.
Bodi ya chombo ikimalizika na kukaguliwa: milioni 30.
Injini zikifungwa na kukaguliwa: milioni 25.
Majaribio majini yakifaulu: milioni 15.
Mwisho wa muda wa uangalizi: milioni 10.

Jumla ni shilingi milioni 100. Tazama vizuri. Kila malipo yamefungwa kwenye kazi inayoonekana na iliyokaguliwa. Na zile milioni 10 za mwisho zinabaki mkononi mwa mwenye mali. Zinamfanya mkandarasi arudi akiitwa kutengeneza kasoro.

Katika miradi mikubwa mkandarasi hutoa pia dhamana ya benki. Benki huahidi kwamba mkandarasi akishindwa kazi au akikimbia, yenyewe itamlipa mwenye mali kiasi fulani. Hivyo fedha ya wananchi haipotei yote.

5. MAJARIBIO KABLA YA KUPOKEA

Siku ya kupokea chombo ni siku ya furaha. Ngoma hupigwa na hotuba hutolewa. Lakini kabla ya ngoma kuna majaribio. Chombo hupelekwa majini. Hupakiwa mzigo wa kupimia. Hukimbizwa kwa mwendo wa juu. Husimamishwa ghafla na kugeuzwa. Pampu, taa na mashine za kuzimia moto hujaribiwa. Kila jibu huandikwa na kulinganishwa na mkataba.

Mambo ya MV Dar es Salaam yanatufundisha umuhimu wa majaribio hayo. Chombo hicho kilinunuliwa nje ya nchi kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, kivushe abiria kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Kilifika mwaka 2014. Mkataba ulitaka kasi ya noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa. Kilipopimwa hakikufika kasi hiyo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alilieleza jambo hilo katika ripoti yake, na gazeti likiandika, wananchi wakasoma. Baadaye chombo kilikabidhiwa kwa Jeshi la Wananchi.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba namba iliyoandikwa katika mkataba ina nguvu. Kama mkataba ungesema tu "kiwe na mwendo mzuri", hakuna ambaye angeweza kusema kitu. Kwa sababu namba ilikuwepo, mkaguzi aliweza kuuliza.

6. MWENYE MALI NAYE ANA WAJIBU

Watu wengi hudhani kwamba kazi ikichelewa, mwenye kosa ni mkandarasi siku zote. Si hivyo. Mkataba una pande mbili. Mkandarasi ana wajibu wa kujenga vizuri na kwa wakati. Mwenye mali ana wajibu wa kulipa kwa wakati.

Tutazame MV Magogoni. Hiki ndicho kivuko kikubwa kati ya vivuko vya Kigamboni. Kilianza kazi mwaka 2008, na kinaweza kubeba watu 2,000 na magari 60. Februari mwaka 2023 kilipelekwa Mombasa, Kenya, kufanyiwa matengenezo makubwa na kampuni ya African Marine and General Engineering. Kazi ilitarajiwa kwisha mwaka huo huo. Lakini mwaka 2023 ulikwisha, mwaka 2024 nao ukaisha, na mwanzoni mwa mwaka 2025 kivuko kilikuwa bado Mombasa. Sababu moja iliyoelezwa ni kwamba malipo kwa mkandarasi yalikawia.

Nani aliumia? Ni yule mama wa mboga. Vivuko vilivyobaki ni vidogo, kwa hiyo foleni ikawa ndefu. Kivuko kimoja kikiharibika, watu hulundikana bandani. Mwaka 2025 serikali iliruhusu boti za kampuni binafsi ya Azam Marine zisaidie kuvusha abiria.

Ni kweli kwamba kivuko lazima kitengenezwe. Kukiacha baharini bila matengenezo ni kuhatarisha watu. Lakini kabla ya kukipeleka chelezoni, yaani mahali pa kupandishia chombo ili kitengenezwe, mwenye mali ajiulize mambo matatu. Je, fedha zote za kazi zipo, au zipo za kuanzia tu? Je, chombo gani kitafanya kazi badala yake? Je, vipuri vimeagizwa mapema? Chombo kikishafunguliwa injini na fedha zikakosekana, hakiwezi kurudi na hakiwezi kuendelea.

7. KAZI KUBWA ZA ZIWANI

Kujengesha meli si jambo jipya katika nchi yetu. Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka 1913. Ilikuwa kubwa mno kufika ziwani ikiwa nzima. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku maelfu. Masanduku hayo yaliteremshwa bandari ya Dar es Salaam, yakapakiwa katika treni kwenda Kigoma. Huko mafundi waliunganisha meli upya, na Februari 1915 ikaingia majini. Hebu fikiri: sanduku moja likipotea njiani, kazi yote inasimama. Bila orodha nzuri meli ile isingeelea.

Katika miaka ya karibuni kazi kubwa imekuwa Mwanza. Septemba 2018 serikali ilitia saini mikataba na kampuni za Korea ya Kusini. Mikataba hiyo ilikuwa ya kujenga meli mpya, kujenga chelezo, na kukarabati meli za MV Victoria na MV Butiama. Meli mpya, MV Mwanza, ina urefu wa zaidi ya meta 92. Ilipangwa ibebe watu 1,200 na mizigo tani 400. MV Victoria ilirudi kazini mwaka 2020. MV Mwanza iliteremshwa majini Februari 2023, baadaye kuliko ilivyotarajiwa mwanzoni.

Angalia busara ya mpango huo. Chelezo ilijengwa pamoja na meli. Meli isiyo na chelezo karibu ni kama baiskeli isiyo na fundi kijijini. Siku ikiharibika, ndiyo mwisho wa safari.

8. NI MAISHA YA WATU

Kwa nini tunasisitiza mambo haya ya mikataba na vipimo? Kwa sababu mwisho wake ni maisha ya watu.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilijengwa kibebe watu 101. Siku hiyo kilibeba watu wengi zaidi sana, na mizigo. Watu zaidi ya 220 walikufa. Wengi walikuwa wanatoka gulioni. Kisiwa kizima kililia.

Hapo tunaona kwamba namba ya abiria iliyoandikwa ukutani mwa kivuko si pambo. Ni namba iliyotokana na hesabu za wajenzi. Kivuko kinaweza kujengwa vizuri kabisa, na bado kikaua, kama watu watajazwa kupita kipimo. Tena kivuko kidogo mahali penye watu wengi ni kishawishi cha kujaza. Baada ya msiba ule serikali ilijengesha kivuko kikubwa zaidi kwa ajili ya Ukara. Ni MV Ukara II, cha watu 300 na mzigo wa tani 100. Kilijengwa Mwanza na Songoro Marine. Lakini hasara ya watu haifidiwi na chuma.

9. SISI WANANCHI TUFANYE NINI?

Labda utasema, "Mimi naishi kijijini. Meli zinanihusu nini?" Zinakuhusu kwa sababu mbili.

Kwanza, fedha ni zako. Kila ununuapo sabuni au sukari, umelipa kodi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hutolewa kila mwaka na kujadiliwa bungeni. Sasa unajua kusoma. Gazeti likiandika juu ya ripoti hiyo, lisome, au sikiliza redio. Mbunge na diwani wako waulize.

Pili, kijiji chako nacho kina makandarasi. Mnajenga darasa, mnachimba kisima, au mnanunua mtumbwi wa ushirika. Mafunzo ni yale yale. Andikeni vipimo. Andikeni muda na bei. Chagueni watu wa kusimamia ambao si jamaa wa fundi. Lipeni kwa hatua, kila hatua ikaguliwe kwanza. Fundi akimaliza hatua yake vizuri, mlipeni siku ile ile mliyoahidi. Bakizeni fedha kidogo mpaka mvua moja ipite, muone kama paa linavuja. Na karatasi zote zitunzwe mahali ambapo kila mwanakijiji anaweza kuziona.

Turudi Kigamboni. Pantoni imefika. Mlango wake mkubwa wa chuma umeshuka, na watu wanaingia. Mama wa mboga ameketi juu ya tenga lake. Hajui aliyepima unene wa chuma kilicho chini ya miguu yake. Hajui aliyekagua viungo vyake. Anaamini tu kwamba kuna mtu aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Imani yake hiyo isivunjwe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mkandarasi: mtu au kampuni inayofanya kazi kwa mkataba wa kulipwa.
Zabuni: maombi ya kazi yenye bei, yanayoshindanishwa.
Mshauri: mtaalamu anayemsaidia mwenye mali kusimamia kazi.
Dhamana: ahadi ya kulipa iwapo mwingine atashindwa.
Chelezo: mahali pa kujengea au kutengenezea meli kando ya maji.
Noti: kipimo cha mwendo wa chombo majini.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini viungo vya chuma hukaguliwa kabla ya kupakwa rangi?
2. Boti linajengwa kwa shilingi milioni 60. Mmekubaliana kubakiza sehemu moja ya kumi mpaka mwisho wa uangalizi. Mtabakiza shilingi ngapi?
3. Malipo yakikawia, nani huumia? Taja watu watatu.
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani iliyofanywa na fundi au mkandarasi? Je, kulikuwa na maandishi? Nani aliisimamia?
5. Ukikuta kivuko au mtumbwi umejaa kupita kipimo, utafanya nini? Zungumzeni darasani.